Praima Haizuii Mvua

Magari ninayotumiwa picha hayafanani, ila hali yake ni ile ile. Jana Datsun 1200, juzi Volkswagen ya mgongo, leo Peugeot 504 saluni: limesimama uani, limepigwa kijivu kutoka boneti hadi buti, vioo vimefunikwa magazeti. Ujumbe nao haubadiliki. "Fundi, kazi ngumu nimemaliza. Nimekwangua kutu, nimetia puti, nimepiga praima. Sasa nimelipumzisha nje nikidunduliza pesa ya rangi. Wanishauri rangi gani?"

Ndugu yangu, rangi baadaye. Kwanza litoe hapo nje, leo, kabla wingu halijafunga.

Sijui nani aliyewafundisha watu kwamba gari likishapigwa praima, yaani rangi ya msingi, limekingwa. Nimelisikia hilo kwa wanaoanza, nimelisikia kwa mafundi wenye gereji, na kila msimu wa masika naletewa magari yaliyoharibika kwa sababu hiyo. Kwa hiyo leo naandika kwa kirefu.

Praima ya kijivu unayoinunua dukani, ile tunayoiita filla, imejazwa unga, hasa talki. Unga umetiwa makusudi, ili ijaze mikwaruzo ya msasa na isagike kirahisi ukiisugua. Lakini ganda lenye unga mwingi hivyo lina vinyweleo. Litazame kama mtungi wa udongo: hauvuji, na bado ukiupapasa nje una unyevu. Maji ya mvua hupenya taratibu hadi kwenye bati, na huku pwani hayapenyi peke yake, yanabeba chumvi ya hewa ya bahari. Kutu inaanza chini ya kijivu na huioni. Kutu ni nene kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo ikizidi inasukuma kila kilicho juu yake. Unapiga rangi, gari linang'aa, unapongezwa. Miezi inapita, jua linachoma, vipele vinaota kwenye mlango. Lawama zote anatupiwa aliyeuza rangi.

Praima si moja, na hapa naomba subira yako, maana ndipo watu wanapochanganya. Kuna epoksi, inayokuja na hadena yake, dawa ya kuchanganya ili iwe ngumu. Hiyo ndiyo inayoshika bati tupu na kulifungia maji nje. Kuna filla ya hadena, nzuri kwa kunyoosha uso, inayostahimili unyevu kiasi lakini si ya kuachwa mvuani. Na kuna ile ya kopo moja, unaongeza thina tu, inakauka upesi na ukiisugua inatoa vumbi jingi. Nyingi kati ya picha ninazotumiwa zinaonyesha hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo rahisi. Hii usiiamini hata usiku mmoja wa umande.

Kwa hiyo gari likibidi kusubiri pesa, lisubiri ndani ya epoksi, chini ya paa. Nayo epoksi jua huila: uso wake hugeuka chaki. Tena kila kopo lina muda wake wa kupokea rangi inayofuata, umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Ukipita muda huo, isugue kwanza ndipo uendelee. Soma karatasi hiyo. Haichukui hata dakika kumi.

Sasa puti, ile ya kujazia mabonde ya bati. Puti nayo ina talki, na inanyonya maji vibaya zaidi ya praima. Hata hivyo ukipita gereji yoyote ya kando ya barabara utakuta ndoo, na kijana anaisugua puti kwa msasa wa maji kwa sababu maji yanapunguza vumbi. Msasa wa maji ni wa baadaye, juu ya filla iliyokauka vizuri na juu ya rangi. Puti inasuguliwa kavu, mwanzo hadi mwisho: namba 80 kupata umbo, 120, 180, kisha 320. Vaa barakoa ya vumbi. Maji yakishaingia kwenye puti huwezi kujua yametoka lini, na ukiyafungia ndani kwa praima umejitengenezea kipele kwa mikono yako.

Tena puti si ya kuziba tundu. Imetengenezwa kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima, milimita mbili tatu, basi. Tundu la kutu ukiliziba kwa puti, umeziba upande unaouona wewe. Kutu ya gari inatoka ndani: sehemu ya chini ya mlango, ambapo matundu ya kutolea maji yamezibwa na matope, nyuma ya madigadi, kwenye boksi la bati unalolikanyaga ukipanda garini. Hapo nyuma ya puti yako unyevu unaendelea na kazi yake.

Na 504 saluni nalisema kwa mkazo, kwa sababu watu wanalipenda gari hili, nami nalipenda. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na Kenya iliendelea kuunganisha magari ya jina hilo miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni mwaka 1983. Watu wanadhani gari gumu namna hiyo haliwezi kulegea. Lakini saluni ile haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo chasisi. Lile boksi la chini ya milango linabeba gari. Ukilijaza puti, na nimetoa humo puti, magazeti na hata saruji, basi umepaka uzuri juu ya hatari. Chukua bisibisi, gonga na uchokoe. Sauti ikiwa butu au bisibisi ikizama, kata mpaka ufikie bati zima, uchomelee bati jipya. Kama hujui kuchomelea, hiyo ndiyo kazi ya kumlipa mtu. Rangi unaweza kujifunza mwenyewe nyumbani.

Wenye Land Rover za zamani msinicheke. Bodi yenu ni aluminiamu, haioti kutu nyekundu, lakini chasisi ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi utaona unga mweupe na rangi inavimba. Sugua, safisha, epoksi.

Kuna mambo mawili ambayo sina uhakika nayo kama vitabu vinavyoyasema. La kwanza ni dawa za kugeuza kutu, zile zenye asidi ya fosforasi au tanini. Zinafanya kazi kwenye kutu nyembamba, nimeziona. Kwenye kutu nene iliyochimba mashimo, uso unageuka mweusi, na kilicho chini ya weusi huo hakuna anayekijua mpaka kirudi. Mimi nazitumia pale ambapo brashi ya waya haifiki, na siahidi kitu. La pili: puti iwekwe juu ya bati tupu au juu ya epoksi? Mimi naweka epoksi kwanza, naisugua kidogo, kisha puti, kwa sababu hewa ya huku haisubiri. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaoweka kwenye bati tupu na kazi zao zimedumu. Tunabishana tangu zamani na bado sijapata la kuwanyamazisha. Tunachokubaliana ni kwamba puti haiwekwi juu ya praima ya asidi, ile inayong'ata bati, wala juu ya rangi ya zamani inayong'aa.

Rangi ya zamani yenyewe ijaribu kabla ya kuifunika. Chovya kitambaa kwenye thina kali, kandamiza mahali pasipoonekana. Ikitoka rangi kitambaani, hiyo ni selulosi, rangi inayoyeyuka kwa thina hata ikishakauka. Ikikunjamana, ni rangi ambayo selulosi yako mpya itaifanya ikunjamane gari zima, basi ivue. Rangi za miaka ile, hasa nyekundu na njano, zinaweza kuwa na risasi, madini yenye sumu. Hizo zisugue kwa maji, maji hayo usiyamwage kwenye bustani, na watoto wakae mbali.

Kupiga rangi kwenyewe kunawatisha watu kuliko inavyostahili. Bunduki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, mkono uende sambamba na bati bila kupinda kama fagio, kila mpigo ulalie nusu ya ule uliopita. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila mara, weka kichujio. Usipake kitu chenye silikoni karibu na gari, hata ile ya kung'arisha dashibodi, utapata macho ya samaki, vishimo vya duara ambavyo rangi inakataa kushika. Jifunzie kwenye boneti bovu. Ganda la chungwa, uso wa rangi wenye vinundu, litakutokea, na msasa wa maji wa 1500 na 2000 pamoja na kung'arisha utaliondoa ukiwa na rangi ya kutosha.

Linalohitaji akili huku kwetu ni hewa. Thina ikiruka inapoza bati. Bati likipoa kupita kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka maji, maji yanatua juu ya rangi mbichi na selulosi inaota weupe kama ukungu. Kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, umande unafika kwenye nyuzi 25. Alfajiri kwenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 90, umande uko kwenye nyuzi 23, chini ya nyuzi mbili tu kutoka ulipo. Kanuni ya wanaopaka vyuma vya meli na matangi ni kwamba bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya umande. Ndiyo maana sipigi rangi asubuhi na mapema, hata kama upepo umetulia na vumbi limelala. Nasubiri hadi saa nne, bati likauke na kupata joto, na natumia thina ya kukauka polepole.

Kuhusu kupiga nyumbani rangi ya 2K, ile inayochanganywa na hadena, sitabembeleza. Hadena yake ina isosayaneti, inayoweza kukupa pumu isiyoondoka. Unaweza kuivuta usisikie harufu ya kukuonya, kwa hiyo pua haikusaidii kujua kama barakoa ya vichujio imechoka. Inayotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka mbali na rangi. Kama huna, piga selulosi, au mwachie mwenye nayo. Uani kwako kuna jirani na kuna watoto.

Rangi ikishakauka kabisa, kazi moja imebaki ambayo karibu kila mtu anaiacha. Ingiza nta ya kuzuia kutu ndani ya milango, ndani ya lile boksi la chini, nyuma ya madigadi, kwa mpira mwembamba kupitia matundu yaliyopo. Itadondoka kidogo siku za joto la Februari, kwa hiyo tandika gazeti chini. Kisha pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji, uhakikishe nta haijaliziba.