"Bank" ya fedha haikutoka mtoni

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtoa mada mwenye sauti ya uhakika: eti taasisi ya fedha huitwa "bank" kwa Kiingereza kwa sababu huelekeza mtiririko wa fedha kama kingo zinavyoelekeza maji ya mto. Wasikilizaji waliojazana kwenye mabenchi wakaitikia kwa vichwa.

Maana zenyewe hazisumbui. Neno hilo hutaja ukingo wa mto, benki, na pia safu ya vitu vilivyopangwa pamoja, kama swichi ukutani. Kamusi nzuri huyatenga kuwa maneno matatu yenye tahajia moja, jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama.

"Bank" ya mto ilitoka katika lugha za kale za Skandinavia, na imekuwamo katika Kiingereza tangu takriban mwaka 1200. Ile ya fedha ilifika katika karne ya 15 kupitia Kifaransa, ikitokea Italia, ambako "banca" lilikuwa benchi au meza ya mbadili fedha, aliyeketi na sarafu zake mbele, akipima hii na kuikataa ile. Huko huko Waitaliano walipata "bancarotta", yaani benchi lililovunjika, ambalo ndilo asili ya neno la Kiingereza la kufilisika. Wagiriki nao, pasipo kukopa kwa Waitaliano, huiita benki "trapeza", neno ambalo zamani lilimaanisha meza.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hadithi ya mto imechanganywa na ukweli kidogo. "Current", yaani mkondo, na "currency", yaani sarafu ya nchi, kweli yametokana na kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kukimbia; lakini undugu wa hayo mawili hauwezi kulivuta na la tatu. Ni kweli pia kwamba "bank" hizi zote, zikifuatiliwa nyuma sana, hukutana katika shina moja la kale la lugha za Kigermanik, yaani familia yenye Kiingereza, Kijerumani na lugha za Skandinavia. Hata hivyo, kuwa na babu mmoja si sawa na mmoja kumzaa mwenziwe.

Kwa hiyo mtoa mada akitaka kutuonyesha jamaa wa karibu wa neno "benki", asihangaike kutupeleka mtoni. Wasikilizaji wake walikuwa wamemkalia.