Dosie haisimami kwa hasira: kazi ya shirika la uchunguzi wa rushwa na mipaka yake

Tangu tuanze mikutano ya kampeni ya 9 Desemba, siku ya kimataifa ya kupinga rushwa, katika komuni za Katuba, Kenya na Rwashi, watu wanaogonga mlango wa ofisi yetu hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), wameongezeka, na hilo linatufurahisha. Lakini wengi wanatoka na uchungu. Walikuja wakitaka afisa fulani akamatwe kesho asubuhi, nasi hatuna pingu. Wakishafika nje wanasema, "Na hawa wamekula." Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma malalamiko hayo kila siku kama mwanasheria, nimeona niandike ili mtu ajue anachokifuata kabla ya kulipa taksi.

Sisi ni shirika lisilo la faida, ASBL, chini ya sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hiyo haitupi ruhusa ya kumwita afisa kwa nguvu, kufungua kabati lake wala kusoma akaunti yake ya benki. Wenye uwezo huo ni wengine. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, yaani IGF, una wakaguzi wenye hadhi ya OPJ, yaani maofisa wa upelelezi wa jinai. Mahakama ya Hesabu inakagua hesabu za serikali na za majimbo. Iko APLC, wakala wa kuzuia na kupambana na rushwa, iliyoundwa na Rais mwaka 2020. Na iko parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, inayompeleka mtu mbele ya jaji. Sisi tunakusanya karatasi, tunazilinganisha, tunaandika ripoti na kuipeleka kwa mwenye mamlaka. Nimelieleza jambo hili katika kila mkutano, na kila baada ya mkutano kuna anayeniuliza tutamfunga nani. Hatufungi mtu.

Sasa dosie, yaani faili ya malalamiko, inavyotembea. Mlalamikaji anapokelewa na mtu mmoja, chumba kimefungwa. Jina lake linaandikwa katika daftari lisilotoka kwenye sanduku la chuma. Karatasi nyingine zote zinabeba namba tu. Tunachukua nakala, hatuchukui karatasi asilia. Kisha tunatafuta chanzo cha pili kisichojuana na cha kwanza, na hapo ndipo miezi inapopita. Chanzo cha pili kikipatikana, tunamwandikia barua afisa anayetajwa, tunamweleza tulichokiona na kumpa muda wa kujibu. Watu hukasirika sana wakisikia hivyo: "Mnamwonya mwizi!" Hapana. Jibu lake linaingia katika ripoti, na mara nyingine jibu hilo ndilo linaloonyesha kwamba tulikosea sisi. Afisa asiyepewa nafasi ya kujibu atampa avoka (wakili) wake hoja ya kwanza ya kutuangusha. Baada ya barua, mwanasheria ambaye hakushiriki uchunguzi anasoma kila sentensi. Ndipo tunaamua ripoti iende wapi: IGF, parke, au kwa wabunge wa jimbo ili waulize swali.

Mahali pa kupeleka panategemea cheo pia. Waziri na gavana wanahukumiwa na Mahakama ya Kasasyo, moja ya mahakama za juu za nchi, si na tribinali ya hapa mjini, na waziri wa taifa hafikishwi huko bila Bunge kuruhusu. Njia hiyo ni ndefu lakini haijafungwa: Septemba 2025 mahakama hiyo ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa fedha zilizotengwa kujenga gereza Kisangani. Kifungu cha 145 cha sheria ya adhabu kinampa afisa anayegeuza mali ya umma kuwa yake mwaka 1 hadi miaka 20 ya kazi ya kulazimishwa. Kuhusu matabishi, yaani kitu kidogo anachopewa afisa, sheria inamgusa hata anayepokea zawadi kwa kazi halali ambayo alipaswa kuifanya bure, na anayetoa naye anaguswa. Kwa hiyo anayeniambia "mimi nilitoa tu madeso ya bana ili karatasi itembee" (maharage ya watoto, yaani hongo), ninamwomba akae kwanza na avoka kabla ya kunisimulia mengine.

Malalamiko mengi zaidi yanahusu redevance ya madini, yaani ada ambayo kampuni inalipa kwa madini yake, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ni fedha nyingi na hesabu yake iko wazi kwa kila mtu. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inagawa redevance hivi: asilimia 50 inaenda serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa ETD, yaani komuni, sekta au sheferi ambako mgodi uko, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni ikidaiwa dola milioni 1, komuni au sheferi yake inastahili dola 150,000. Mbali na hiyo kuna asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii, na kuna cahier des charges ambamo kampuni imeandika itajenga nini na lini. Watu huchanganya mifuko hii mitatu. Mtu anakuja akisema burgumesta, mkuu wa komuni, amekula pesa ya shule. Tukifungua karatasi tunakuta shule ilikuwa katika cahier des charges, ahadi ya kampuni, na burgumesta hakuishika hata franka moja. Siku nyingine ni kinyume: kampuni imelipa asilimia 15 yote, bordero (hati za malipo za benki) ziko, na komuni haina hata kisima kipya cha kuonyesha. Malalamiko ya namna hiyo ya pili ndiyo tunayoyatafuta. Ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi katika madini na mafuta, zinachapisha malipo ya kampuni, na yeyote anaweza kuzisoma kabla ya kuja kwetu. Vijana wa komuni ya Annexe waliwahi kufanya hivyo. Walikuja na kurasa tatu zilizopigiwa mistari, na kazi yetu ikapungua nusu.

Kuhusu wafadhili, nitasema wazi. Ndiyo, tunaishi kwa fedha za nje. Mkataba unataja kazi na bajeti, hautaji jina la afisa wa kuchunguzwa, na kila mwaka mkaguzi wa hesabu kutoka nje anapitia risiti zetu. Fedha hizo zinaweza kukatika, kama mashirika mengi ya nchi hii yalivyoona mwaka 2025 USAID ilipofungwa. Zikikatika, dosie zinasimama na wachunguzi wanarudi nyumbani. Na hatulipi habari, hata franka ya usafiri. Shahidi aliyelipwa hana uzito mbele ya jaji, na anayedhani tunaficha bahasha ya mashahidi amesikia uongo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni simu. Mtu anapiga picha karatasi, anaitupa katika kundi la WhatsApp pamoja na jina la afisa na neno "mwizi", kisha anakuja kwetu siku ya tatu. Siku hizo tatu zinatosha karatasi nyingine zote kupotea ofisini. Na yeye mwenyewe yuko hatarini. Kifungu cha 74 cha sheria ya adhabu kinampa anayemchafua mtu hadharani kwa nia mbaya kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1, na kanuni ya dijitali ya Machi 2023 inamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu mtandaoni: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000.

Kwa wafanyakazi wa ofisi za serikali na benki, ninawaomba kwa moyo wangu wote: msitoe karatasi za kazini kabla ya kuongea na mwanasheria. Februari 2021 ilijulikana kwamba wafanyakazi wawili wa zamani wa benki moja ya Kinshasa, waliofichua siri za kifedha, walikuwa wamehukumiwa kifo wakiwa hawapo. Sheria ya Juni 2023 inawahusu watetezi wa haki za binadamu, na mfanyakazi wa kaunta asijifunike nayo kana kwamba iliandikwa kwa ajili yake. Ninajua ujasiri unaohitajika. Ndiyo maana ninataka mje mapema, kabla hamjagusa kitu.

Kwa wenye malalamiko ya taksi za jimbo, yaani kodi: DRHKAT, ofisi ya mapato ya jimbo la Haut-Katanga, inatoa noti ya malipo, na fedha zinaingia benki, haziingii mkononi mwa mjumbe. Anayekuja na noti aje pia na bordero ya benki. Akiwa na moja tu, tutamwomba arudi kwanza kuitafuta ya pili, kwa sababu tarehe na kiasi kutokulingana kati ya karatasi hizo mbili ndiko mara nyingi kunakofungua dosie.