Kung'ang'ania, kuachia na afya ya nafsi

Watu wazima wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha huanza kwa kujishtaki. Hawana msimamo, wanasema; huanza jambo wakaliacha njiani. Nikiwauliza hujiambia nini moyoni mambo yanapokwama, mara nyingi nasikia matusi ambayo wasingethubutu kumtamkia mtu mwingine. Hapo ndipo ninapoanzia kazi.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Marekani, Angela Duckworth, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu sifa yenye pande mbili: kudumu katika juhudi, na kushikilia shauku ileile kwa malengo ya muda mrefu. Waliipima kwa dodoso lenye vipengele 12. Miongoni mwa makuruta wa chuo cha kijeshi cha West Point, waliopata alama za juu walielekea zaidi kuyamaliza mafunzo makali ya mwanzo. Habari ilienea, na wengi wakaichukulia sifa hiyo kuwa ufunguo wa kila mafanikio. Kisha mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, zenye washiriki zaidi ya 66,000. Waligundua kwamba sifa hiyo inakaribiana mno na tabia ya nidhamu na kuwajibika, ambayo wanasaikolojia waliijua tangu zamani. Waliona pia kuwa upande wa juhudi ndio unaoashiria mafanikio zaidi kuliko upande wa shauku isiyobadilika. Kwangu hii ni habari njema kwa yeyote ambaye, akiwa na miaka 40, amejikuta anapenda kitu kingine kabisa.

Basi juhudi hiyo huzimwa na nini? Kwa ninavyoona, aibu huizima haraka kuliko uchovu. Anayejua kwamba kila kosa litafuatwa na adhabu ya maneno kutoka ndani yake mwenyewe hujifunza kulikwepa jambo lenyewe: hafungui kitabu, hapokei simu, huahirisha. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu mtihani mgumu wa msamiati. Waliohimizwa kujihurumia baada ya kufanya vibaya walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya mtihani wa pili, hata kuwapita waliosifiwa ili wajiamini. Wateja wangu huogopa kwamba wakijihurumia watalegea. Mimi huona kinyume chake: mtu anapoacha kujiogopa, hurudi kazini mapema.

Lipo lingine tunalolisahau tukisifu uvumilivu: kuachia nako ni uwezo. Carsten Wrosch na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watu wanaoweza kujiondoa kwenye lengo lisilofikika tena, na kushika lengo jingine lenye maana, huwa na hali bora ya nafsi. Hatua zote mbili zinahitajika, na ya pili ndiyo ngumu. Aliyeacha bila kushika kingine hubaki na nafasi tupu, naye hujaza nafasi hiyo kwa kuyachimbua yaliyopita usiku kucha.

Kuamua kama ni wakati wa kung'ang'ania au wa kuachia, nategemea sana nadharia ya matumaini ya C. R. Snyder, aliyeyagawa matumaini katika nia na njia. Mtu akisema amekata tamaa, nataka kujua ni kipi kimekatika. Mara nyingi nia ingalipo, ila alikuwa ameijua njia moja tu nayo imefungwa. Huyo tunakaa naye kuandika njia nyingine, hata zile anazoziona za kipuuzi, na uso wake hubadilika kabla hatujachagua hata moja.

Ikiwa ni nia iliyokatika, nasikiliza kwa namna tofauti kabisa. Huzuni inayomkaa mtu karibu siku nzima kwa wiki mbili au zaidi, huku akipoteza hamu ya vitu alivyovipenda, na usingizi na hamu ya chakula vikivurugika, huenda ikawa sonona. Huyo asiambiwe ajikaze. Anahitaji kupimwa na kutibiwa, na akizungumzia kutaka kufa, msaada utafutwe siku hiyohiyo.