Kabla Hujasema Modeli Zinadanganya: Namna Mawingu Yanavyokaguliwa

Masika yakisuasua, malalamiko hutufikia: "Mvua ya wiki hii mmeikosa, ya mwaka 2050 mtaijuaje?" Tunaelewa uchungu wa mkulima ambaye mbegu zimemuozea ardhini. Hata hivyo hoja hiyo si sahihi, na tumeshaieleza mara nyingi. Utabiri wa wiki hupimwa kwa siku. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa ya dunia, hupimwa kwa mwenendo wa miaka mingi, na mtihani wake mgumu ni mawingu.

Mawingu mazito ya chini huakisi jua. Mepesi ya juu huzuia joto lisitoke. Modeli nyingi huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 100 hivi, kwa hiyo wingu la kawaida humezwa ndani ya mraba na hukadiriwa kwa kanuni tu. Kanuni hiyo lazima ikaguliwe.

Ukaguzi una utaratibu wake. Picha ya setilaiti hailinganishwi na modeli moja kwa moja, kwa sababu wingu la juu huficha la chini. Mawingu ya modeli hupitishwa kwanza kwenye programu iitwayo COSP, ambayo hukokotoa kile ambacho setilaiti ingekiona lau ingepita juu ya mawingu hayo. Ndipo hulinganishwa na vipimo halisi: mionzi inayopimwa na vifaa vya CERES vilivyo kwenye setilaiti, kisha rada ya CloudSat na leza ya CALIPSO, setilaiti mbili zilizorushwa pamoja Aprili 2006. Tangu Mei 2024 ipo setilaiti ya EarthCARE, yenye rada na leza katika chombo kimoja.

Hapo ndipo kosa kubwa liliponaswa: modeli nyingi zilikuwa na mawingu machache mno ya chini katika tropiki, lakini yanayong'aa kupita kiasi. Jumla ya mionzi ilikaribia ukweli kwa sababu makosa mawili yalifichana. Anayetazama jumla peke yake angeipitisha modeli hiyo.

Kwa Afrika Mashariki, modeli nyingi huzidisha vuli na kupunguza masika. Kwa hiyo anayekata ramani ya modeli moja na kuisambaza WhatsApp kama tahadhari anapotosha watu. Tanzania, kutoa tahadhari za hali ya hewa bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, Namba 2 ya mwaka 2019.