Riwaya ya makuzi: kufiwa, mzazi na kukomaa kwa mhusika

Riwaya ya makuzi ni riwaya inayomfuata mhusika mmoja tangu utotoni au ujanani hadi anapoanza kujiamulia mambo yake. Safari, vita na mapenzi vinaweza kuwemo, lakini uzito wa kisa uko kwenye mabadiliko ya ndani: anamwogopa nani, anamwiga nani, anaamini nini na anaacha kuamini nini. Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa Mjerumani Goethe, aliyeandika kisa cha kijana Wilhelm Meister mwaka 1795 na 1796. Wilhelm ni mtoto wa mfanyabiashara anayetamani uigizaji, na habari za kifo cha baba yake zinamkuta akiwa na waigizaji wenzake.

Mambo hayo mawili, mzazi na kufiwa, yanaandamana mno katika riwaya za aina hii. Ndiyo maana wengi, wakiulizwa kwenye mtihani mhusika alikomaaje, hujibu kwa mkato: mhusika amefiwa, basi amekomaa. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Kuna wanaofiwa wakabaki walivyo, na kuna wanaopoteza mzazi ambaye hajafa. Mhusika hukomaa pale anapolazimika kumtazama mzazi wake upya, kama mtu mwenye hofu, madeni na makosa yake.

Tazama *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, na mara kwa mara anakuja mgeni tajiri, Ami Aziz, anayenukia vizuri na kumpa mtoto sarafu kila akiondoka. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami yake kwa treni. Hapewi maelezo. Anafika pwani, anawekwa dukani, na huko kijana aitwaye Khalil ndiye anayemfumbua macho: yule si ami yako, na wewe uko hapa rehani kwa sababu baba yako anadaiwa. Khalil mwenyewe aliletwa vivyo hivyo.

Hapo hajafa mtu. Hata hivyo Yusuf amempoteza baba mara mbili, kwanza alipopandishwa treni, kisha alipojua kwa nini. Na ile ya pili ndiyo inayomkuza, maana inabidi arudie kila kumbukumbu aliyokuwa nayo: zile sarafu, zile ziara, ukimya wa baba, machozi ya mama. Mambo ni yaleyale, ila sasa anayajua maana yake.

Katika *Things Fall Apart* ya Chinua Achebe (1958), ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la *Shujaa Okonkwo*, kuna vizazi vitatu vya jambo hili. Okonkwo anamchukia marehemu baba yake, Unoka, mpiga filimbi mpole aliyekufa na madeni. Anajiapiza kutofanana naye kwa lolote, na hapo ndipo Unoka anapomtawala hata baada ya kufa. Wengi husahau sehemu hii: mzazi anaweza kumlea mtu kwa kinyume, kiasi kwamba kila uamuzi wa mtoto ni jibu kwake.

Anayelipa ni mjukuu, Nwoye. Ikemefuna, mvulana aliyetolewa kijiji kingine, ameishi nyumbani kwa Okonkwo miaka mitatu, anamwita baba, na Nwoye anamwona kaka. Wazee wanaamua auawe. Okonkwo anaambiwa na mzee mmoja asishiriki, lakini Ikemefuna anapomkimbilia akimwita baba, anamkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Usiku anarudi nyumbani. Nwoye anamwona tu akiingia na anajua. Hakuna kilio wala ugomvi katika ukurasa ule, na ndiyo sababu unauma. Baadaye wamisionari wanapofika, Nwoye anawafuata, na akiulizwa habari za baba yake anasema yule si baba yake. Kwa juujuu utadhani amevutwa na dini mpya. Ukweli ni kwamba alishaondoka siku ile ya panga, akisubiri tu mlango.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaleta ubishi. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuanzia hapo Rosa anawaogopa wanaume, na akifika chuoni, mbali na macho ya baba, anapinduka kabisa. Mwisho anajiua. Je, haya ni makuzi? Wanaotaka mhusika afike salama watakataa. Mimi nakubali ni makuzi, tena yaliyoandikwa kwa ujasiri, kwa sababu fasihi haina wajibu wa kumfikisha kila mtu. Jandoni na unyagoni kuna kungwi, kuna siku maalumu, na anayetoka anatambuliwa na wote kuwa mtu mzima. Rosa alipewa kipigo bila mafunzo, kisha akaachwa ajifunze peke yake.

Si kila kisa chenye yatima kinaingia humu, basi. Yatima anayeteswa na mama wa kambo kisha akaolewa na mtoto wa mfalme hajabadilika, kilichobadilika ni bahati yake. Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 nao uko jirani tu. Mama mgonjwa, Mwana Kupona mwenyewe, anamwita binti yake, Mwana Hashima, na kumwachia wasia: ashike radhi za watano, yaani Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Malezi yamo na kifo kinanukia. Lakini anayesema mwanzo hadi mwisho ni mama. Binti hatumsikii hata neno moja, wala hatujui alishika lipi na aliacha lipi, kwa hiyo huo ni wasia, na kisa cha makuzi ya Mwana Hashima hakijaandikwa.