Mita nane za Kisumu si mita nane za Mombasa

Mzamiaji kutoka pwani akiambiwa kwamba meli iliyozama tunayokwenda kuitazama Ziwa Victoria imelala mita nane tu chini ya maji, hulegea. Mimi hapo ndipo ninapokuwa mkali.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni takriban asilimia 87 ya ile ya Mombasa, kwa hiyo unapoibuka kutoka kina kilekile, mwili hupata mabadiliko makubwa zaidi. Jedwali la baharini la muda wa kukaa kwenye kila kina halitumiki bila kurekebishwa. Usibane pumzi ukipanda, hata mita mbili, maana hewa mapafuni hutanuka kwa kasi zaidi karibu na uso wa maji. Punguza pia vipande vya risasi vya kiunoni, vile vya uzito wa kukuzamisha. Maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari.

Katika Ghuba ya Winam mara nyingi huoni kiganja chako ukinyoosha mkono. Sitaha imefunikwa tope laini kama unga, na teke moja la pezi likilitibua, mbizi imekwisha. Kwa hiyo sipigi mateke. Nafunga kamba nje, kisha najivuta kwa ncha za vidole kuanzia shetri, yaani nyuma ya meli.

Ninachokihofia hasa ni nyavu. Hunasa kwenye chuma, mvuvi akazikata na kuziacha, na nailoni haiozi: nimekuta sangara aliyekufa humo, magamba yakipeperuka kwenye mwanga wa tochi. Mkono mmoja uwe mbele daima. Wavu ukikamata valvu ya mtungi, usigeuke, utajiviringisha. Rudi nyuma kidogo, tulia, mwenzako akate. Mkasi ni bora kuliko kisu, kwa sababu kisu huuvuta uzi kabla ya kuukata. Ndani ya ngama, tumboni mwa meli, simwingizi mtu ambaye hajafunzwa kuzamia ndani ya meli.

Lakini inafaa kwenda. Viumbe vya baharini vinavyotoboa mbao haviishi humu, hivyo utakuta ubao ungali na misumari yake. Uguse, uuache.

Baada ya mbizi, wa Nakuru lala Kisumu. Kericho, iliyo njiani, imepita mita 2,000, na kwa mwili ambao bado una naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake wakati wa mbizi, kupanda huko ni kama kupanda ndege. Nafuata mwongozo uleule wa ndege: angalau saa 12 baada ya mbizi moja, saa 18 mbizi zikiwa zaidi ya moja.