Blanketi la viraka: wanayoambiwa wanaoanza hapa Goma, na ukweli wake

"Viraka ni vya maskini." Hili hutoka mdomoni mwa shangazi au mama mkwe kabla hujakata hata kipande kimoja. Lakini Wakuba wa Kasai tangu zamani wanashona sketi ndefu za rafia zilizojaa viraka vya kila umbo, nazo ni vazi la sherehe na la maziko ya watu wao. Kule Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona mablanketi kwa nguo za kazi zilizochakaa. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Shangazi msalimie kwa heshima, halafu endelea kukata.

"Bila mashini ya kisasa huwezi." Unaweza. Blanketi hili ni tabaka tatu: vipande juu, kitu cha joto katikati, kitambaa kizima chini, na mishono inayopita zote tatu ili zisihame. Kuunganisha vipande kunataka mshono ulionyooka tu, na hiyo ndiyo kazi ya cherehani ya miguu, ambayo umeme ukikatika haina habari. Tabaka zikiwa nzito mno, maliza kwa mkono. Kisu cha gurudumu unachokiona kwenye video kilitolewa na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979. Waliotangulia walitumia mkasi. Nunua mkasi mkali, rula na chaki, na usiruhusu watoto wakatie karatasi za shule mkasi huo.

"Kikwembe ni kikwembe." Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukipita Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, ukamwambia fundi, "Mama fundi, nisaidie vipande vilivyobaki," atakujazia mfuko, na ndani yake pamba na poliesta zitakuwa zimechanganyika, maua yale yale, rangi zile zile. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa koleo, uziguse na kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka na kunuka kama karatasi, inaacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone cheusi kigumu. (Ngoja kipoe kabla ya kukigusa.) Usizichanganye katika blanketi la kwanza. Pamba inarudi ikifuliwa na poliesta hairudi, kwa hiyo blanketi litakunjamana. Na pasi ya mkaa, ambayo huwezi kuipunguza moto kwa kitufe, itayeyusha poliesta huku pamba ya jirani ikiomba moto zaidi.

"Tia chumvi, rangi haitatoka." Siki nayo wanaisifia hivyo hivyo. Chumvi inasaidia wakati kitambaa kinatiwa rangi. Kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani na rangi isiyoshika, chumvi ya jikoni haikiponyi. Kinachotakiwa ni kuitoa rangi iliyozidi: fua kila rangi peke yake, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha kandamiza kipande kibichi juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha doa, rudia. Kile chekundu kinachoendelea kutoa rangi hata baada ya hapo, mimi nakitengea tambara la jikoni.

"Kosa la milimita moja halionekani." Tuhesabu. Unataka mraba wa sentimita 10 ukishashonwa, na mshono unakula milimita 6 kila upande. Basi unakata sentimita 11.2. Weka miraba 9 kwenye mstari: mishono 8 kati yake. Ukishona milimita moja ndani zaidi, kila mshono unakula milimita 2 za ziada, na mstari unapungua milimita 16. Mstari unaofuata ukiwa sahihi, pembe hazikutani na hakuna kuvuta kutakakosaidia. Dawa yake ni rahisi: bandika utepe kwenye bamba la cherehani, milimita 6 kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa utembee juu ya alama hiyo. Miraba 81 ya namna hii inatoa sentimita 90 kwa 90, blanketi la mtoto mchanga. Anza na hilo. La kitanda cha watu wawili lisubiri.

"Kupiga pasi ni kupiga pasi." Hapana: ukiisukuma huku na huku, kipande kinavutika, hasa kilichokatwa mshazari. Iteremshe, bonyeza, inua, hamia pengine. Mshono ulalie upande wa kitambaa cheusi zaidi ili usionekane upande mweupe.

"Katikati lazima uagize pamba maalum." Kwa baridi ya usiku wa Goma, blanketi jembamba la mitumba linatosha kabisa. Lifue kwanza, ukate sehemu zilizochakaa, na litokeze vidole vitatu kila upande kuliko vipande vya juu, maana kitambaa husogea ukishona. Tandaza tabaka zote sakafuni, zishike kwa pini za kufunga au kwa mishono mirefu ya muda, kisha shona kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni, mikunjo yote itakusanyika katikati nawe utafumua.